Mizani ya Kijiji: Historia ya Malezi ya Watoto Njombe na Makambako

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Methali hii aghalabu hutumiwa kumwonya mzazi mmoja mmoja. Walakini mtu akiichunguza vema ataona kuwa imebeba swali la jamii nzima. Kazi hiyo ya kulea hufanywa na nani, kwa saa zipi za mchana, na kwa chakula cha nani? Katika makala haya nakusudia kulifuata swali hilo katika nchi ya Njombe na mji wa Makambako. Huko kazi ya malezi ilitoka katika ukoo, ikapita katika misheni, kijiji na vyama vya hisani, wala haijapata bado makao ya kudumu. Dai langu ni kwamba asasi za malezi zilistawi pale zilipompunguzia mama mzigo wa saa zake na kumwacha mtoto kati ya jamaa zake. Na zilififia pale uhai wake ulipotegemea mfuko wa mbali.

Njombe ni nchi ya baridi, yenye kimo cha karibu mita 2,000, yenye mvua na rutuba. Hapo kale mtoto hakuwa wa mama peke yake. Bibi, shangazi na dada mkubwa walimpokea mama alipokwenda shamba, na yatima hakutafutiwa nyumba, kwa kuwa nyumba alikuwa nayo. Mpango huu ulitikiswa na kodi ya wakoloni. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Wanaume wa Njombe wakaenda kwa wingi mashamba ya mkonge kuwa manamba, na tangu mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya wafanyakazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mwaka 1949 ilianzishwa Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, ikafungua mashamba yake Njombe kwenyewe. Mume akiwa mkongeni au mwatini, jembe la mume na jembe la mke yote mawili yakawa ya mke. Hapo ndipo palipozaliwa upungufu ambao asasi zote za baadaye zimejaribu kuuziba: upungufu wa saa za mlezi.

Wamisionari walikuwa wa kwanza kuweka mahali maalumu pa kumtunza mtoto nje ya ukoo. Walutheri walikuwa na vituo vyao, mathalan Kidugala na Ilembula, na Wabenediktini walikuwa Uwemba. Kando ya hospitali ya Ilembula, si mbali na Makambako, kuna nyumba ya watoto wachanga waliofiwa na mama zao. Jambo la kuangaliwa katika nyumba hiyo ni kwamba haikukusudiwa kumtwaa mtoto moja kwa moja. Humpokea katika miezi ile ambayo jamaa hawana maziwa ya kumpa, kisha akipata nguvu hurudishwa kwa ndugu zake. Hivyo nyumba ilisimama badala ya titi la mama, wala haikusimama badala ya ukoo.

Baada ya uhuru serikali ilitunga sheria ya makao ya watoto mwaka 1968, na ya vituo vya kulelea watoto mchana mwaka 1981. Kati ya miaka hiyo miwili watu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Kijiji kilileta shule na zahanati karibu, illa kwa wengi kiliweka shamba mbali na nyumba. Mama aliyetoka alfajiri na kurudi alasiri alimwachia mtoto ugali wa baridi, pengine mikononi mwa mtoto mwingine aliyemzidi miaka michache tu.

Tendo kubwa kuliko yote katika historia hii lilianza mwaka 1983. Wakati huo Njombe ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, kwa fedha za Serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa huo. Chombo chake kikuu kilikuwa mizani. Kila miezi mitatu watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito mbele ya wazazi wao, na hesabu ikapelekwa katika kikao cha kijiji. Kikao kiliuliza: ni wangapi wamepungua, kwa sababu gani, na sisi wenyewe twaweza kufanya nini? Hata kifo cha mtoto, ambacho zamani kilikuwa msiba wa nyumba moja, kilijadiliwa kuwa jambo la wote.

Majibu yaliyotoka vikaoni yalikuwa ya kawaida kabisa. Ilionekana kwamba chakula kilikuwapo, lakini mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku, na tumbo lake dogo halikuweza kubeba uji mzito wa kumtosha. Basi vikafunguliwa vituo vya kulea watoto mchana, ambamo walilishwa mama zao wakiwa shambani. Akina mama wakafundishwa kutia kimea katika uji ili uwe mwepesi bila kupungukiwa na nguvu. Na kimea hakikuwa kitu kigeni kwa watu waliozoea kupika pombe. Kati ya mwaka 1984 na 1988 watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka 56 katika kila 100 hadi 38, na wale wa hali mbaya sana kutoka 6.3 hadi 1.8. Matokeo haya yalisomwa na wataalamu wa lishe wa nchi nyingi.

Walakini ndani ya mafanikio hayo mlikuwa na ufa. Posho ya mhudumu wa afya wa kijiji ilitakiwa itoke katika mfuko wa kijiji, na mfuko huo mara nyingi ulikuwa mtupu. Kijiji kilikuwa kimejifunza kuhesabu watoto wake kabla hakijapata uwezo wa kumlipa anayewahesabu.

Kisha ukaja UKIMWI. Makambako ni njia panda. Hapo hupita reli ya TAZARA, iliyofunguliwa miaka ya 1970, na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo ndipo huanzia barabara ya Songea. Biashara ililala hapo pamoja na madereva, na maradhi nayo yakapata kituo. Uchunguzi wa mwaka 2011 na 2012 ulionyesha kuwa watu 14.8 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 katika Njombe walikuwa na virusi, kiasi kilichopita mikoa yote ya nchi. Na uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023, uliopima watu wazima wote wa miaka 15 na kuendelea, ulipata 12.7. Wazazi walikufa, na mabibi waliokwisha kulea wakaanza kulea upya.

Katika miaka hiyo vyama visivyotafuta faida, vya kanisa na vya raia, viliongezeka Njombe na Makambako. Vingine vilijenga makao. Vingine vililipa ada, vikanunua sare na kumpelekea bibi mahindi. Vijijini ziliundwa kamati za kuwatambua watoto waishio katika mazingira magumu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikatamka kwamba malezi ni wajibu wa mzazi, jamii na dola. Mtu asiseme kuwa makao hayakufaa. Yapo maisha yaliyookolewa humo. Lakini chama kilichoanza kwa kuuliza kamati ya kijiji kilimpata mtoto pamoja na ndugu zake. Kilichoanza kwa kujenga ukuta kilimpata mtoto peke yake.

Msomaji atauliza, kwa nini tuyakumbuke haya leo? Ni kwa sababu mwaka 2022 uchunguzi wa taifa ulikuta watoto 50.4 katika kila 100 wa Njombe, wa chini ya miaka mitano, wamedumaa. Hesabu hii ni ya kimo, haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ile ya uzito ya miaka ya 1980. Hata hivyo yatisha, maana nchi hii hulisha miji kwa mahindi na viazi, na parachichi zake huuzwa ng'ambo. Njaa iliyopo si ya ghala. Ni ile ile iliyoonekana katika vikao vya mizani: mama yuko kwenye chai, mbao au viazi vya watu, na mtoto hana wa kumlisha mara nne kwa siku.

Mwezi wa Desemba 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto mdogo, na vituo vya kulelea watoto vya jamii vimerudi kuzungumzwa. Ni habari njema. Ila historia ya Njombe yaonyesha kuwa mizani, uji na sheria vilikwisha kupatikana zamani. Kilichokosekana ni ujira wa kudumu wa yule akaaye na watoto kuanzia asubuhi hadi mama arudi. Halmashauri itakayouandika ujira huo katika bajeti yake kila mwaka, kama inavyoandika mshahara wa mwalimu, itakuwa imeyajibu maswali ya vikao vile vya mwaka 1983.