Ruzizi, 1958: vinywa 215,504

Anayetoka Uvira kwenda Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwa barabara ya bondeni huipita Runingu kabla ya kufika Sange. Wengi huipita bila kujua kwamba bonde hili la Ruzizi lina ukurasa wake katika historia ya chanjo ya polio duniani.

Kuanzia tarehe 24 Februari hadi 10 Aprili 1958, serikali ya Kibelgiji iliwapa watu 215,504 wa bonde hilo, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi, chanjo ya kunywa yenye kirusi hai kilichodhoofishwa. Aliyeitengeneza ni Hilary Koprowski wa Taasisi ya Wistar, Philadelphia. Aliyeisimamia huku ni Daktari Ghislain Courtois wa maabara ya Stanleyville, Kisangani ya leo. Wakati huo huko Marekani watoto walikuwa wakidungwa sindano ya Salk; chanjo ya kinywani ilikuwa bado majaribioni, na Ruzizi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilipotolewa kwa umati. Katika utawala ule, mtu aliitwa kuchanjwa. Kumuuliza kama anataka hakukuwa desturi.

Kutoulizwa huko kuliacha nafasi ya shaka. Mwaka 1999 mwandishi Edward Hooper alidai katika kitabu chake The River kwamba chanjo hiyo, iliyotengenezwa, kwa madai yake, kwa seli za sokwe, ndiyo iliyoleta UKIMWI. Wanasayansi walipima akiba za chanjo, wasikute alama ya kirusi cha UKIMWI. Mwaka 2004 wengine walionyesha kwamba kirusi cha sokwe wa eneo la Kisangani si chanzo cha UKIMWI ulioenea duniani. Tena ugonjwa huo ulikuwa umeanza kusambaa miongo kadhaa kabla ya 1958.

Lakini hata chanjo njema hairithiwi. Aliyefungua kinywa mwaka ule hakumwachia mjukuu wake kinga. Kila mtoto huhitaji chanjo yake mwenyewe. Kongo ilimaliza polio ya asili mwaka 2011, na Agosti 2020 Afrika nzima ikathibitishwa kuwa huru nayo. Palipobaki watoto wengi wasiochanjwa, kirusi dhaifu cha matone ya chanjo kiliendelea kupita kutoka choo hadi kinywa, mtoto hadi mtoto, mpaka kikarudisha makali. Machi 2023 ilitangazwa kwamba kirusi cha namna hiyo, kilichotokana na chanjo mpya ya aina ya pili, kimepatikana kwa watoto sita wa majimbo ya Tanganyika na Kivu Kusini, na mmoja ng'ambo, Burundi.

Dawa yake ni chanjo ileile, safari hii bila kumruka mtoto. Kwa kila watu wapatao 200 wanaoambukizwa, mmoja hupooza asipone. Wengi wa waliobaki hukibeba kirusi bila dalili, wakivuka mto na mizigo yao ya sokoni au wakikimbia vita. Ndiyo maana wachanjaji hupita nyumba kwa nyumba na sanduku la barafu, na mtoto aliyepata matone hupakwa wino kidoleni. Mama akiuliza, "Ni dawa gani hii?", anastahili kujibiwa kabla mtoto hajafungua kinywa. Swali hilo limechelewa hapa tangu 1958.