Chama, Dhamiri na Kura katika Ufuo wa Ziwa Victoria, 1966–2019

Sheria ya Kenya inayomtaka mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni arudi kwa wapiga kura ilitungwa mwaka 1966. Waliolengwa kwanza walikuwa wabunge waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga, mbunge wa Bondo na Makamu wa Rais. Historia ya siasa za Kisumu na ufuo wa ziwa tangu wakati huo ni, kwa sehemu kubwa, historia ya sheria hiyo na ya mabadiliko yaliyoifuata.

Machi 1966, mkutano wa chama tawala cha KANU huko Limuru ulifuta cheo cha naibu wa rais wa chama, kilichokuwa cha Odinga, na kuweka manaibu wanane wa mikoa. Odinga, aliyekuwa akipingana na viongozi wenzake juu ya ardhi na mwelekeo wa uchumi, alijiuzulu serikalini mwezi uliofuata na kuongoza chama kipya cha KPU. Kabla ya Aprili kwisha, Katiba ilikuwa imerekebishwa, na wabunge na maseneta 29 walikuwa wamepoteza viti vyao.

Uchaguzi wa kujaza viti hivyo, ulioitwa Uchaguzi Mdogo, ulifanyika Juni. KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU kwa jumla, lakini ilishinda viti 9 tu, vya mabunge yote mawili. Bildad Kaggia wa KPU alishindwa Kandara, na mwenzake Achieng Oneko akashindwa Nakuru. Odinga aliirudisha Bondo, na Nyanza ya Kati ikawa ngome ya chama hicho. Wapiga kura wa huko walikuwa wameulizwa wamchague mtu au chama, wakamchagua mtu.

Hatua zilizofuata ziliwaondolea nafasi hata ya kuulizwa. Mwaka 1968 Katiba ilibadilishwa tena, ikawa kila anayewania ubunge lazima adhaminiwe na chama; mgombea huru akakosa mahali. Mwaka huohuo fomu za wagombea wa KPU katika uchaguzi wa serikali za mitaa zilikataliwa. Hata hivyo, Mei 1969 Wasonga Sijeyo wa KPU alishinda uchaguzi mdogo wa Gem.

Julai, Tom Mboya, waziri mwenye asili ya ufuo wa ziwa, aliuawa Nairobi, na simanzi ya wenyeji ikawa hasira. Tarehe 25 Oktoba 1969 Rais Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, ambayo wenyeji waliiita Russia. Yeye na Odinga walirushiana maneno makali hadharani. Rais alipokuwa akiondoka, walinzi wake waliufyatulia risasi umati, na watu wakauawa. Siku tano baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Kwa kuwa KANU ilibaki peke yake, ukumbi wa chama ndio uliokuwa mlango wa Bunge. Odinga alizuiwa kugombea mwaka 1974 na 1979. Mwaka 1981 mbunge wa Bondo, Hezekiah Ougo, alijiuzulu ili kumpisha, lakini Odinga akanyimwa tena idhini. Mwaka uliofuata alifukuzwa chamani, na Juni 1982 kifungu cha 2A cha Katiba kikaifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria.

Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991, na Odinga akarudi bungeni mwaka 1992 kwa tiketi ya chama cha upinzani cha FORD-Kenya. Baada ya kifo chake mwaka 1994, mwanawe Raila alishindana na Michael Wamalwa juu ya uongozi wa chama. Aliposhindwa kuupata, Raila alijiuzulu ubunge wa Lang'ata, Nairobi, akaingia chama cha NDP, na mwaka 1997 akakitetea kiti hicho na kushinda. Sheria iliyotungwa dhidi ya baba ilitumiwa na mwana kuomba ridhaa mpya.

Tatizo jipya lilizuka nyumbani. Chama cha upinzani kilipokuwa na nguvu kupita kiasi kando ya ziwa, mchujo wake wa wagombea ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Wengi walipiga kura ya suti, yaani kuwachagua wagombea wote wa chama kimoja, na aliyedhulumiwa katika mchujo hakuwa na pa kwenda ila chama kingine.

Katiba ya 2010 ilirekebisha hili. Kifungu cha 103 kinahifadhi kanuni ya 1966: anayejiuzulu chamani hupoteza kiti, na mbunge huru anayejiunga na chama hupoteza chake vilevile. Lakini kifungu cha 85 kimemrudisha mgombea huru, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi 3 kabla ya uchaguzi. Mwaka 2017 Shakeel Shabbir, aliyekuwa mbunge wa ODM, chama cha Raila, alishinda Kisumu Mashariki akiwa mgombea huru. Aprili 2019 David Ochieng alishinda uchaguzi mdogo wa Ugenya kwa tiketi ya chama kidogo cha MDG, akimbwaga mgombea wa ODM katika ngome ya ODM.

Kumrudisha mbunge kwa waliomchagua hakukuwa dhuluma. Dhuluma ilikuwa kufunga kila njia nyingine, chama kikawa ndicho kinachoamua nani awe mbele ya wapiga kura. Utiifu kwa chama una thamani pale tu mwanachama anapoweza kuondoka na bado akapata nafasi ya kuwauliza wananchi.