Pazia, Paa na Penzi

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Soweto East, kimojawapo cha vijiji vya Kibera, methali hiyo haihitaji mwalimu. Kuta ni za udongo au mabati, na jirani akikohoa usiku, asubuhi unampa pole. Chumba ni futi kumi kwa kumi. Pazia linatenga kitanda. Upande wa pili wanalala watoto, kando ya stovu na mitungi ya maji. Anayefungua riwaya ya mapenzi humo, kwa tochi ya simu, hana haja kubwa ya kujua kama wapendanao wataoana. Anauliza: wataishi wapi?

Kwa swali hilo nimezisoma upya riwaya tatu za mila tatu.

Ya kwanza ni Pride and Prejudice ya Jane Austen, ya mwaka 1813, nyanya wa vijitabu vya mapenzi vya Mills & Boon vilivyozagaa kwa wauza vitabu vikuukuu wa Nairobi. Tumezoea kuambiwa kwamba kikwazo cha wapendanao ni kiburi cha Darcy na ulimi wa Elizabeth. Lakini nyumba ya kina Elizabeth, mabinti watano, itarithiwa na binamu wa kiume, Collins. Collins anapomposa, Elizabeth anakataa bwana na paa kwa pamoja. Baadaye, dada yake anapomuuliza alianza lini kumpenda Darcy, anatania kuwa ni tangu alipoyaona mazingira ya Pemberley, jumba la Darcy. Wahakiki hucheka hapo. Anayelipa kodi kila mwezi hacheki. Anajua utani huo una ukweli ndani yake.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi wa Unguja, ameozwa Bwana Raza, mwanamume wa makamo. Ana mume na nyumba, ila hana raha. Anamtoroka, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili wa mtaa wa Ng'ambo mwenye chumba cha kimaskini. Ni katika maisha hayo ya Ng'ambo anapokutana na Denge, mpigania uhuru anayewindwa na polisi wa mkoloni. Kwa Austen nyumba ni tuzo. Kwa Shafi nyumba kubwa ni kifungo, na penzi linapata pumzi katika chumba cha kuazima. Lakini hata humo halitulii, kwani asiye huru nchini mwake hana hakika ya kulala kwake.

Ya tatu inatoka Kano, Nijeria, kwenye vitabu vya sokoni ambavyo Wahausa huviita vya soyayya, yaani mapenzi. Katika Alhaki Kuykuyo Ne ya Balaraba Ramat Yakubu, iliyochapishwa mwaka 1990, Alhaji Abdu anamfukuza mkewe Rabi pamoja na watoto wao tisa baada ya kuleta mke mpya. Rabi anapika chakula, anauza, anawalea. Nyumba hapa ni fimbo mkononi mwa mume. Mama anayekaanga samaki kando ya njia Soweto East hahitaji kutafsiriwa sura hiyo.

Kuna wanaosema riwaya za mapenzi ni za kuwapumbaza wanawake. Janice Radway, katika utafiti wake wa mwaka 1984 kuhusu wasomaji wa riwaya hizo kule Marekani, aliwasikiliza wanawake wenyewe: kusoma kulikuwa muda wao, ambao mume na watoto hawakuweza kuudai. Katika chumba cha futi kumi, kitabu ni pazia la pili.

Soweto East nayo ina kisa chake cha paa. Mwaka 2009, chini ya mpango wa serikali wa kuboresha mitaa ya mabanda, familia zilihamishiwa maghorofa ya muda kule Lang'ata. Kila familia ilipewa chumba. Jiko na choo vikawa vya kushiriki. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Miaka saba ni mingi kwa wapendanao wanaosubiri mlango wao wenyewe.

Kati ya riwaya hizi tatu, mimi nampa ushindi Adam Shafi. Pemberley hatutaifikia, na uthabiti wa Rabi tunaouheshimu ulizaliwa na dhuluma. Mwajuma tunamfahamu. Hana nafasi, lakini anasogea kitandani ili mwenzake apate pa kulala, bila kumuuliza ni mke wa nani. Riwaya ile inasifiwa kwa penzi la Yasmin na Denge. Ukiisomea Kibera, penzi lake kubwa ni la mwenye chumba.