Kabla ya Chemshabongo Kulikuwa na Kinyume

Jumapili usiku niliwawekea hii:

Rafiki kavurugwa mawazo (6)

Hiyo 6 ni idadi ya herufi za jibu. Nusu saa ya kwanza ilikuwa vita. Mmoja akasema STRESI. Mwingine MSONGO. Zote herufi sita, zote si zenyewe. Kuna aliyeniuliza kwa upole kama huyo rafiki ni mimi, na kama nina mtu wa kuongea naye. Halafu saa nne na kitu, msee mmoja wa Kisauni akaandika neno moja tu na akaenda kulala: FIKIRA.

Sasa tazama. Chukua herufi za RAFIKI, zivuruge, zipange upya. Unapata FIKIRA. Na fikira ni nini? Mawazo. Sentensi ilikuwa inakuambia ukweli tangu mwanzo, ni vile tu ilikuwa inaongea ikiangalia kando. Nusu moja inakupa maana, nusu nyingine inakupa maelekezo ya kupika neno, na hakuna mtu wa kukuonyesha mpaka uko wapi. Hivyo tu. Ukishaelewa hilo, utaanza kuona mafumbo hadi kwa mabango ya kanisa.

Halafu ikaja komenti. Sitaitaja ni ya nani. Ilisema huu ni mchezo wa Wazungu waliostaafu, na kwamba mtu aliyeacha chuo hafai kujifanya Mwingereza. Ilipata mioyo mingi kuliko fumbo lenyewe. Ya chuo ni kweli, niliacha mwaka wa pili, sibishani. Lakini hiyo ya Wazungu, hebu kaa chini tuongee.

(Na kabla hujakaa: "Mnyama wa ufuoni anakukataza kusimama (3)." KAA. Neno moja, maana mbili. Okay, sasa kaa.)

Tuanze na upande wao, maana ni mfupi. Chemshabongo ya miraba, ile ya magazetini, ina tarehe ya kuzaliwa: 21 Desemba 1913. Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyehamia Marekani, aliitunga kwa ajili ya gazeti la New York World. Ilikuwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 Simon & Schuster wakatoa kitabu kizima cha chemshabongo, kila nakala imefungwa penseli, na nchi ikapagawa. Mwaka huohuo New York Times wakaandika kwamba huo ni upotezaji wa muda. Mwaka 1942 wakaanza kuchapisha yao wenyewe, na Januari 2022 wakanunua Wordle kwa mamilioni ya dola. Wazee wa busara hubadilisha msimamo polepole.

Waingereza waliupokea mchezo huo wakaona ni mwepesi mno. Mshairi mmoja, Edward Powys Mathers, ndiye aliyeupeleka mbali zaidi. Kuanzia 1926 alitunga mafumbo ya kuzungukazunguka kwenye The Observer, na akajiita Torquemada, jina la yule mtesaji wa Hispania wa karne ya 15. Hakuficha nia yake na wasomaji. Fumbo kama lile la rafiki ni mjukuu wa kazi za kina Mathers, nakubali.

Kwa hivyo kariri hizo namba mbili: 1913 na 1926.

Sasa rudi nyuma hadi miaka ya 1860, Zanzibar. Mmisionari mmoja Mwingereza, Edward Steere, anajifunza Kiswahili na kukusanya kila anachosikia: hadithi, mithali, sarufi. Mwaka 1870 anachapisha vitabu vyake, na kati ya vitu alivyovikuta watu wakivifanya kitambo ni mchezo unaoitwa kinyume. Kanuni yake ni moja. Silabi ya mwisho inaruka mbele. Nyumba inakuwa mbanyu. Kitabu inakuwa bukita. Ukitaka mwenzako alete kitabu bila mgeni aliyeketi hapo kuelewa, unamwambia: tale bukita. Sema polepole ni kichekesho. Sema kwa kasi ya mtu aliyekulia nayo, na mgeni anabaki kutabasamu tu kama mtu aliyeachwa na basi.

Hiyo ni miaka 43 kabla ya Arthur Wynne kuchora mraba wake wa kwanza. Na Steere hakuianzisha, aliikuta.

Na usifikirie ilikufa. Ukimwambia msee "leta risto", umefanya nini? Umechukua stori, umerusha silabi ya mwisho mbele. STO-RI, RI-STO. Hicho ni kinyume, mtaani Nairobi, kinywani mwa mtu ambaye hajawahi kumsikia Steere. Sheng ina ujanja mwingine mwingi, lakini huu tunao bila hata kujua una jina.

Kinyume pia kinatengeneza mafumbo makali kuliko kuvuruga herufi, kwa sababu Kiswahili kinaishi kwa silabi. Niliwapa hii mwezi uliopita: "Geuza utajiri, ushike jembe (4)." Utajiri ni MALI. Igeuze: LIMA. Mama mmoja aliniambia hilo si fumbo, hiyo ni sera ya kilimo.

Halafu kuna Liongo. Najua mlimsoma shuleni kama jitu lenye nguvu, mnakumbuka sindano ya kitovuni mkafaulu mtihani. Mimi nakumbuka mkate. Hadithi ni ya zamani sana, ya pande za Pate na Ozi, na Steere huyohuyo aliiweka kwenye kitabu chake cha hadithi. Liongo amefungwa. Kila siku mama yake anamtuma kijakazi na chakula kizuri, na kila siku askari wanakila, wanamwachia makombo. Basi Liongo anaimba. Anamwimbia yule kijakazi ujumbe wa kumpelekea mama: oka mkate wa makapi, na ndani yake uweke tupa. Askari wapo. Masikio wanayo. Kwao ni mfungwa anajiliwaza kwa wimbo.

Mkate unafika. Askari wanauona ni wa makapi, hawautaki, wanamtupia mwenyewe. Halafu anaomba watu wa mji waje na ngoma wacheze gungu, na makelele yakipanda yeye anakata minyororo na ile tupa. Soma tena hiyo mipango. Ujumbe umefichwa ndani ya wimbo, chuma kimefichwa ndani ya mkate, sauti ya chuma imefichwa ndani ya ngoma. Hilo ni fumbo la ngazi tatu, na ukishindwa kulitatua huandiki "nimeshindwa" chini ya posti. Unabaki gerezani. Au ukiwa askari, unaamka asubuhi huna mfungwa.

Hapo ndipo huwa natofautiana na wanaosema kuficha maneno ni kujionyesha. Kwa watu wengi, historia nzima, ilikuwa njia ya kupitisha kitu mbele ya anayekushikilia.

Sisi tulifanya hivyo darasa la tano. Shule niliyosoma ilikuwa na kibao cha mbao tulichokiita diski. Ukisikika ukiongea Sheng au lugha ya nyumbani, unavishwa. Utakibeba mpaka umnase mwenzako, na mwenye nacho jioni anachapwa pamoja na wote waliokipitia. Wengi wenu mnajua, wazazi wenu wanajua zaidi. Kulikuwa na kijana tuliyekaa dawati moja aliyekuwa na nyanya yake Lamu. Alitufundisha kugeuza maneno. Wiki mbili tuliongea mbele ya mwenye diski na hakuwa na la kufanya, kwa sababu alipoulizwa na mwalimu tulikuwa tunaongea lugha gani, hakuwa na jina la kuitaja. Wiki ya tatu mwalimu akatunga jina: kelele. Tukachapwa kwa kelele.

Shika hiyo picha, twende London, Januari 1942. Uingereza iko vitani. Daily Telegraph inaalika wasomaji ofisini kwake watatue chemshabongo kwa chini ya dakika 12, kila mtu na saa yake ikikimbia. Baadaye baadhi ya walioshiriki wanapata barua za kuitwa kwa kazi ya taifa. Kazi yenyewe ilikuwa Bletchley Park, kuvunja misimbo ya adui. Jeshi lilikuwa limegundua kwamba mtu anayeweza kutazama "rafiki" akaona "fikira" ana kichwa cha aina fulani, na kichwa hicho kina bei.

Mpaka hapo ni stori ambayo filamu zimeshaizoea. Kipande kisichosimuliwa sana hapa kwetu ni hiki: tawi moja la kazi hiyo lilihamia Mombasa.

Waingereza walikuwa na kituo chao cha kusikiliza Wajapani. Singapore ilipokaribia kuanguka, watu wake wakakimbilia Colombo. Aprili 1942 ndege za Japani zikaishambulia Colombo. Meli za kivita za Uingereza zikarudi nyuma hadi Kilindini, na wavunja misimbo wakaja pia. Wakapewa shule. Allidina Visram, ile ile ya Mombasa ambayo baadhi yenu mmesoma, ikatwaliwa ikawa ofisi ya siri inayotazama bahari. Huko madarasani walikaa watu na karatasi zilizojaa tarakimu, wakisikiliza mawimbi ya redio yaliyofika dhaifu kutoka mbali.

Kulikuwa na msimbo mmoja uliowasumbua, JN-40, wa meli za mizigo za Japani. Waliamini umejengwa kwa kujumlisha namba za siri juu ya namba za siri. Septemba 1942 Wajapani wakafanya kosa, na wawili wa hapo Kilindini, John MacInnes na Brian Townend, wakaona kitu. Msimbo haukuwa wa kujumlisha. Ujumbe ulibadilishwa kuwa tarakimu kwa jedwali, halafu tarakimu zikaandikwa kwenye miraba na kusomwa kwa safu, nje ya mpangilio. Yaani za mbele zimepelekwa nyuma, za nyuma zimeletwa mbele. Kufikia Novemba walikuwa wanasoma ujumbe ukiingia, na wa zamani wote pia. Meli ya mizigo ikisema inaelekea wapi, Mombasa inajua.

Mimi nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama. Jedwali lao lilikuwa gumu mara mia kuliko mbanyu na bukita, sitawadanganya. Lakini kiini ni kilekile: usibadilishe kilichomo, badilisha kinapokaa. Na hao watu walikuwa wanahangaika nacho ndani ya shule ya Mombasa, kwenye pwani ambayo mchezo wa kuhamisha silabi ulikuwa na jina tayari alipofika Steere. Siwezi kuwaambia kwamba kuna mtoto alipita chini ya dirisha akisema kinyume. Ningependa sana, lakini sina ushahidi, na mimi si mtu wa kuwauzia hiyo. Mwaka 1943 walifunga mizigo wakarudi Colombo, na shule ikaendelea kuwa shule.

Kichwa kilekile, basi. London kinaitwa kwa barua. Kwetu darasa la tano kinaitwa kelele.

Kwa hiyo, ndugu wa komenti: kipande cha Torquemada ni chao na nakiheshimu, natumia kanuni zake kila Jumapili. Lakini ukiniambia kuficha neno ndani ya neno nimeazima, nitakuuliza umeazima wapi risto. Na vile tunacheza hapa, mmoja anatega, mia wanarusha majibu, aliyeshindwa anatoa mji, hiyo ni kitendawili ya jikoni kwa nyanya, si chai ya saa kumi ya mtu mmoja na penseli yake. Torquemada hakuwahi kudai mji kwa mtu.

Kuhusu miji, tuelewane. Wiki hii mmenipa Rongai mara kumi na moja. Sitaki tena Rongai. Foleni yake yote sasa ni yangu.

Kwa wale wanaoanza, rahisi kwanza: "Ndani ya 'maisha si mbaya' ananguruma (5)." Usivuruge chochote, usigeuze chochote. Angalia tu kilichojificha pale ambapo maneno mawili yanashikana. Nakupa dakika moja. Si mba-ya. Umemwona SIMBA? Alikuwa hapo wakati wote.

Na hii ni ya Jumapili, kwa kinyume, iliyonijia nikiwa kwenye matatu na bahasha ya vyeti mapajani:

Ajira ikigeuzwa, fukia (4)

Jibu liandikwe kabla ya saa tatu usiku. Ukishindwa, leta mji, na uwe na bahari.