Bia nyeusi ya pipa yenye matunda: Uchachu ule ni wa tunda au bia imeharibika?

Ni nyeusi tii, nzito kiasi cha kuacha alama kwenye glasi. Povu lake ni dogo, la rangi ya kahawia, na halikai. Pua ikisogea inakutana na chokoleti, vanila, wiski na tunda. Halafu mnywaji anaonja, na katikati ya utamu ule ulimi unashika kitu kichachu.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Chupa moja ya bia ya aina hii ni ghali kuliko bia ya kawaida mara kadhaa, na aliyeilipia ana haki ya kujua: huu uchachu umewekwa na mtengenezaji, au ni bakteria wameingia bila kualikwa?

Jibu lipo, ila linahitaji kuijua bia yenyewe kwanza.

Stauti ndani ya pipa la wiski

Stauti ni bia inayotengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaangwa hadi kiwe cheusi, ndiyo maana inanukia kahawa na chokoleti hata kama hakuna kahawa iliyotiwa. Zile kali zaidi zina historia ndefu. Karne ya 18 viwanda vya London vilikuwa vikipeleka stauti nzito mpaka Urusi.

Ile ya pipa ni habari ya Marekani. Mjini Chicago, kiwanda cha Goose Island kilichoanzishwa na John Hall mwaka 1988 kilikuja na bia iitwayo Bourbon County Brand Stout. Katika miaka ya 1990 Greg Hall, mtoto wa mwanzilishi, alipata mapipa yaliyotoka kuhifadhi bourbon, akayajaza stauti kali na kuyaacha yakae. Leo viwanda vingi duniani vinaiga mtindo huo. Goose Island yenyewe ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011, lakini kila Novemba, Ijumaa inayofuata sikukuu ya Shukrani, mashabiki bado wanapanga foleni kuisubiri.

Kwa nini mapipa ya bourbon? Sheria ya Marekani inataka bourbon itengenezwe kwa mahindi yasiyopungua asilimia 51 na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa kwa ndani. Pipa likishatumika, haliwezi kutumika tena kwa bourbon nyingine. Kwa hiyo yanauzwa. Pipa la lita 200 hivi linakuja likiwa bado na wiski iliyonyonywa na mbao, na stauti ikikaa humo karibu mwaka mzima inaivuta yote: vanila, nazi, moshi kidogo, na ukali wa pombe.

Matunda yanaingiaje?

Mwaka 2012 Goose Island walitoa toleo la Cherry Rye, stauti iliyokaa na cheri kwenye mapipa ya wiski ya rai, nafaka iliyo jamaa wa ngano. Mwaka 2013 ikafuata Backyard Rye, ambayo ndani yake kulikuwa na matunda matatu ya jamii ya beri, likiwemo moja ambalo watu wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri: forosadi.

Aliyewahi kula forosadi mtini anajua kwamba lina utamu, lina uchachu, na lisipoiva sawasawa linaacha ukakasi. Ndani ya bia mambo yanabadilika. Hamira inakula sehemu kubwa ya sukari ya tunda na kuigeuza pombe. Kinachobaki ni harufu, rangi na asidi. Ndiyo maana bia ya tunda isiyotiwa sukari ya ziada hailingani na juisi, na anayetegemea ladha ya juisi atadhani ameuziwa kitu kibovu.

Kilichotokea kwa toleo la 2015

Hofu ya kuharibika si ya bure. Baada ya toleo la 2015 kutoka, wanywaji walianza kulalamika kwamba baadhi ya chupa za Bourbon County zilikuwa chachu. Mapema 2016 kiwanda kilikiri tatizo kwenye ile ya kahawa na ile ya mtindo wa mvinyo wa shayiri, kikarudisha fedha. Mhusika alikuwa bakteria anayeitwa Lactobacillus acetotolerans, ambaye anastahimili mazingira yanayowaua wenzake na anakua taratibu sana, hivyo si rahisi kumnasa mapema.

Kuanzia toleo la 2016 Goose Island walianza kuipasha bia moto kwa muda mfupi kabla ya kuijaza kwenye chupa, ili kuua wadudu.

Cha kuangalia ni hiki: bia zile hazikuwa na tunda. Uchachu ulipojitokeza, haukuwa na pa kujificha. Kwenye stauti ya cheri au forosadi unaweza kujificha vizuri tu.

Namna ya kutofautisha

Anza na kufungua. Stauti kali ya pipa huwa na gesi kidogo. Kizibo kikitoka na povu likapanda hadi kumwagika, kuna uwezekano mkubwa kitu kiliendelea kuchacha ndani ya chupa. Matunda yanaongeza hatari hiyo, maana sukari iliyobaki ni chakula cha hamira na bakteria. Chupa ya namna hiyo ikiachwa sehemu ya joto inaweza hata kupasuka.

Pili, pua. Uchachu wa tunda unakuja na tunda lake. Ikinukia cheri, kisha ulimi ukashika uchachu wa cheri, hapo hakuna shida. Harufu kidogo ya lozi pia si kasoro kwenye cheri, inatoka kwenye kokwa. Lakini kama inanukia siki, au maziwa mgando, na tunda halisikiki kabisa, mashaka yawepo.

Tatu, na hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, ni mpangilio wa ladha mdomoni. Kwenye bia nzima uchachu unapita katikati, kisha chokoleti na utamu vinarudi, na joto la wiski linamalizia kooni. Kwenye bia iliyoharibika uchachu ndio unaobaki mwisho. Tena bia yenyewe huonekana nyepesi kuliko rangi yake.

Ukakasi ni kitu kingine, usichanganywe na uchachu. Ule wa kukausha ulimi kama wa bibo la korosho unatoka kwenye mbao za mwaloni na maganda ya matunda. Kidogo unapendeza. Ukizidi, pipa limeimeza bia.

Ikiwa ladha ni ya boksi lililolowa, basi tatizo ni hewa na umri, wala si bakteria.

Baridi kali inaficha

Yote hayo hayasikiki kwenye bia iliyotoka kwenye friza. Baridi inaua harufu na kufanya ukali usisikike. Nyuzijoto 10 hadi 14 zinatosha: itolewe kwenye friji, ikae mezani nusu saa hivi. Glasi nzuri ni yenye tumbo pana na mdomo uliobana, isijazwe.

Kuhusu kuhifadhi, Goose Island wanasema stauti yao ya kawaida inaweza kuendelea kubadilika ndani ya chupa hadi miaka mitano. Ya matunda ni bora kuinywa mapema, kwa sababu harufu ya tunda ndiyo huanza kufifia huku asidi ikibaki. Isimamishwe wima, gizani, pasipo joto.

Hesabu ya pombe

Utamu wa bia hii unadanganya. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 14 ina mililita 70 za pombe tupu. Tusker ya asilimia 4.2, ujazo uleule, ina mililita 21. Yaani chupa moja ni sawa na Tusker tatu na ushee, na inateremka kama keki ya chokoleti.

Ndiyo maana wanaoijua huifungua wakiwa kundi. Watu wanne wakigawana, kila mmoja anapata mililita 125, ambazo bado zina pombe ya mililita 17.5, pungufu kidogo tu ya Tusker nzima. Mwenye funguo za gari aihesabu hivyo.