Chumvi: neno moja, masomo mengi

Katika darasa moja la Biblia la vijana, tulipofika Mathayo 5:13, mwanafunzi wa kemia aliinua mkono. Alisema chumvi ya jikoni haipotezi ladha. Iweke mwaka mmoja au miaka kumi, ukiionja utaikuta ni chumvi bado. Sasa Bwana Yesu alikuwa anasema juu ya chumvi gani iliyoharibika? Wengine walicheka, na wengine walimwona kijana huyo kuwa mwenye kiburi. Sisi tuliona swali lake ni la haki, na kwamba kumjibu "amini tu" ni kumfukuza polepole kanisani. Tumeandika makala hii kwa ajili yake na kwa ajili ya wazazi na wachungaji wanaokutana na maswali kama hilo, kwa kuwa shida kubwa imo katika neno lenyewe. Mwalimu wa kemia, muganga, mtaalamu wa ziwa na muhubiri wote wanasema "chumvi", na kila mmoja ana kitu chake moyoni.

Kwa mwanakemia, chumvi ni jina la jamaa nzima. Asidi na besi zikikutana, zinatoa maji na chumvi. Ile tunayotia katika sombe ni mmoja wa jamaa hiyo, inaitwa kloridi ya sodiamu. Magadi nayo ni chumvi. Sehemu kubwa ya mbolea za dukani ni chumvi. Ule unga wa bluu ambao wakulima wanachanganya na chokaa ili kuzuia ukungu kwenye mimea, salfeti ya shaba, nao ni chumvi, lakini akiula mtu utamdhuru vibaya. Kwa hiyo mtoto akirudi kutoka shuleni akisema kwamba leo wametengeneza chumvi, asiruhusiwe kuionja.

Hapa ndipo jibu la kijana wetu linapoanza. Alisema kweli kuhusu kloridi ya sodiamu safi. Lakini watu wa Palestina ya wakati ule hawakununua pakiti safi dukani. Chumvi nyingi ilitoka upande wa Bahari ya Chumvi, ambayo maji yake yana chumvi karibu mara kumi kuliko bahari ya kawaida, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo si ile ya jikoni, ni ya magnesi. Wafafanuzi wengi wanaeleza kwamba mzigo kama huo, ukichanganyika na udongo na mawe laini, ukipata unyevu, kloridi ya sodiamu inayeyuka na kwenda zake. Kinachobaki kinafanana na chumvi kwa macho, ila hakina ladha. Tena katika Kigiriki, Mathayo na Luka wanatumia hapo kitenzi ambacho kwa kawaida maana yake ni kuwa mjinga. Marko 9:50 anatumia neno lingine, la kukosa chumvi. Kijana akijua haya, hana lazima ya kuchagua kati ya kemia yake na Injili yake.

Hata ndani ya Biblia neno hili halina sura moja. Katika Walawi 2:13 na Hesabu 18:19 chumvi ni alama ya agano linalodumu. Elisha anaitumia kuponya maji ya Yeriko. Lakini Abimeleki, katika Waamuzi 9:45, anaimwaga juu ya mji alioubomoa, na Yeremia 17:6 anataja nchi ya chumvi kama mahali pasipokaa mtu. Mkulima anayejua udongo wenye chumvi nyingi hashangai: mimea inakauka hata kama maji yapo.

Katika kituo cha afya, kuchanganya maana za neno hili kunaweza kuua mtu. Mara nyingi tunasikia mama mmoja akilalamika: muganga amesema nipunguze chumvi, na redio inasema nile chumvi yenye madini ya iodi, nimsikie nani? Awasikie wote wawili. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipite gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kidogo kimoja cha chai kisichojaa, kwa sababu sodiamu nyingi inapandisha shinikizo la damu. Katika hesabu hiyo imo pia chumvi ya makayabu na ile ya kubu tunazotia katika mboga, ambazo wengi wetu tunazisahau. Na hiyo kidogo inayoliwa iwe na iodi. Iodi ikikosekana, shingo inavimba, uvimbe ambao kwa Kiswahili sanifu unaitwa rovu, na mtoto aliye tumboni anaweza kuzaliwa na akili iliyodumaa. Jambo hili tunalijua nyumbani. Miaka ya 1960 watafiti kutoka Ubelgiji walichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, na kazi yao ilionyesha kwamba pamoja na upungufu wa iodi, muhogo usioandaliwa vizuri unaongeza tatizo. Iodi inapungua kwa jua, unyevu na moto mrefu. Kwa hiyo chombo kifunikwe, na chumvi itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Kisha kuna maji ya chumvi na sukari kwa mwenye kuhara. Kipindupindu tunakijua tangu zamani. Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi karibu na Goma. Utumbo wa mgonjwa unapokea sodiamu vizuri zaidi ikisindikizwa na sukari, na maji yanafuata. Pakiti ya kituo cha afya ndiyo bora. Ikikosekana: lita moja ya maji safi, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vidogo sita vya sukari, vyote vya kusawazisha, visivyojaa kupita ukingo. Kuzidisha chumvi ili dawa iwe na nguvu ni hatari kubwa kwa mtoto. Serumu ya chumvi inayotundikwa hospitali ina gramu 9 kwa lita, wala haitengenezwi nyumbani. Na mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba anapochomwa salfeti ya magnesi, hiyo nayo kwa mwanakemia ni chumvi. Familia isiogope kwamba anapewa kitu alichokatazwa kula.

Sisi tunaokaa kando ya Ziwa Kivu tuna chumvi nyingine ya kujua. Ziwa hilo lina kina cha mita 485 hivi. Chemchemi zilizo chini ya maji zinaleta madini yaliyoyeyuka, na wataalamu wanayaita yote chumvi, ingawa mengi si ya jikoni. Maji ya chini, yakiwa na chumvi hizo na gesi ya kaboni, ni mazito kuliko ya juu, kwa hiyo hayapandi. Uzito huo unafungia chini gesi nyingi, kilomita za ujazo karibu 300 za gesi ya kaboni na 60 za methani. Huko Kameruni, mwaka 1986, Ziwa Nyos lilitoa gesi yake kwa ghafula, wakafa watu 1,700 hivi. Lava ya Nyiragongo iliingia Kivu mwaka 2002, na tabaka za maji zikabaki mahali pake.

Katika historia na uchumi tutapita haraka. Chumvi ya Katwe, Uganda, na ya Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ilivuka na kuuzwa upande wetu muda mrefu kabla ya wakoloni. Serikali zimependa kuitoza kodi kwa kuwa hakuna anayeacha kuinunua. Ndiyo maana Gandhi alitembea hadi baharini mwaka 1930. Neno la Kifaransa la mshahara linatoka katika neno la Kilatini lenye chumvi ndani yake, lakini ile hadithi ya askari wa Roma kulipwa magunia ya chumvi haina ushahidi imara. Wahubiri wanaipenda sana.

Wahubiri tunawaomba jambo moja zaidi. Paulo, katika Wakolosai 4:6, anataka maneno yetu yakolee chumvi. Lakini katika Kiswahili "kutia chumvi" katika habari ni kuongeza uongo, na mtu "aliyekula chumvi nyingi" ni mzee wa siku nyingi. Tumekwisha kusikia mahubiri ambapo vijana walicheka wakifikiri mtume anaruhusu kupamba habari. Tafsiri ya Kiswahili ya Union ina neno "munyu" hapo, lile lile ambalo Wanyarwanda na Warundi wanatamka umunyu. Siku ya kuhubiri mstari huo, sisi tunatumia munyu.