Onyo la Kweli na Onyo la Uwongo Angani

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo humlaumu msikiaji, wala haiulizi kama mkuu mwenyewe amesema kweli. Katika chumba cha marubani swali hilo lililoachwa na methali limekuwa jambo la uhai na mauti kwa miaka zaidi ya hamsini, maana huko wakuu wanenao ni wengi. Kuna kengele na honi, kuna taa nyekundu, kuna usukani utetemekao mikononi, na kuna sauti ya mtu iliyotiwa ndani ya mashine. Wote husema kwa ukali ule ule, na baadhi yao husema uwongo.

Hapo zamani ndege nyingi za abiria ziliangamia zikiwa nzima. Injini zake zilinguruma vema na rubani hakuwa na ugonjwa wala wasiwasi, hata ikatokea ghafla kwamba mbele ya pua yake, ndani ya wingu, palikuwa na mlima. Mhandisi Don Bateman, mzaliwa wa Saskatoon huko Kanada aliyefanya kazi yake Marekani, alitengeneza chombo cha kuzuia msiba wa namna hii. Chombo kilitumia kipimo cha redio kirushacho mawimbi chini ya ndege na kuhesabu muda wa kurejea kwake. Ardhi ilipokaribia upesi kupita kiasi, kilipiga kelele na kumwamuru rubani avute juu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA ilipiga kilima katika jimbo la Virginia, na watu wote 92 waliokuwamo walikufa. Mwezi ule ule serikali ya Marekani iliamuru kwamba ndege kubwa za abiria zifungwe chombo hicho.

Amri ilikuwa njema, walakini chombo kilikuwa bado kichanga. Kilitazama chini tu, hakikuweza kutazama mbele. Ndege iliyopita salama juu ya kilima karibu na kiwanja iliweza kukifanya kilie, na kadhalika ndege iliyoshuka katika njia yake halali juu ya bonde lenye kuta za ghafla. Rubani aliyesikia kelele hiyo mara kumi pasipo kuona hatari alijifunza, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba ya kumi na moja nayo ni kelele tu. Si haki kumwita mzembe. Aliyewahi kulala jirani na mbwa abwekaye kila usiku anajua ni usiku wa ngapi aliacha kuamka.

Tarehe 27 Novemba 1983 ndege ya Avianca, Boeing 747 iliyotoka Paris, ilikuwa ikishuka usiku kuelekea Madrid. Ilikuwa chini kuliko ilivyopasa. Chombo kililia, na hatua iliyochukuliwa na marubani haikutosha kuiokoa. Katika watu 192 walikufa 181.

Mambo kama hayo yaliandika kanuni ambayo marubani huifuata hata leo. Onyo la ardhi likilia usiku au ndani ya wingu, rubani hana ruhusa ya kulijadili. Huongeza nguvu yote ya injini, huinua pua ya ndege, hupanda hata salama, kisha ndipo aulize kama lilikuwa kweli au uwongo. Ni mchana mweupe tu, naye aione ardhi kwa macho yake na kuwa na yakini, anapoweza kulihesabu onyo kuwa ni tahadhari. Kupanda bure hugharimu mafuta na dakika chache, na abiria hunung'unika.

Lakini kanuni hiyo ilidhani kwamba maonyo huja moja moja. Usiku wa tarehe 2 Oktoba 1996 ndege ya Aeroperú, Boeing 757, iliruka Lima kwenda Santiago ikiwa na watu 70. Katika kuisafisha, vitundu vya ubavuni ambavyo hupima kani ya hewa ya nje vilikuwa vimezibwa kwa utepe wa gundi, na utepe ukasahauliwa. Kutoka katika vitundu hivyo ndege hujua kimo chake na mwendo wake. Mara baada ya kuruka, vipimo vilianza kusema yasiyokuwapo, na kengele zikafuata. Honi moja ilisema ndege inakwenda mbio mno. Usukani ukatetemeka kusema inakwenda polepole mno, karibu mabawa yashindwe kuibeba. Maneno hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Nje palikuwa bahari na giza tupu, hapana taa wala upeo wa macho wa kupimia.

Marubani walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: walimwuliza mwongozaji wa ndege aliyekuwa nchi kavu. Naye alitazama rada yake akawajibu kuwa wako juu ya futi 9,000. Kwa bahati mbaya namba hiyo haikuwa ya rada. Ilitumwa na ndege yenyewe kutoka katika kipimo kile kile kilichozibwa. Shahidi wa pili alikuwa amefundishwa na wa kwanza.

Katika dakika za mwisho sauti nyingine ilianza kulia kwamba ardhi iko karibu. Hiyo ilitoka katika kipimo cha redio, ambacho hakikutegemea vitundu, na ndiyo iliyosema kweli. Nani angeijua miongoni mwa zile nyingine? Ilikuja ikiwa imechelewa, baada ya nusu saa hivi ya uwongo, na ikapingana na neno la mwongozaji. Bawa liligusa maji. Muda mfupi baadaye ndege yote ilizama, wala hakuokoka mtu.

Tangu siku hizo marubani hufundishwa kwa bidii zaidi kuacha kuvisikiliza vipimo vya mwendo vinapogombana. Huondoa chombo kiendeshacho ndege peke yake, huweka pua katika pembe inayojulikana na injini katika nguvu inayojulikana, kwa kuwa pembe na nguvu hizo haziwezi kuzaa mwendo wa ajabu. Kisha hulinganisha kipimo cha kushoto na cha kulia na kile cha akiba, na kiwili kinachoafikiana hupewa imani. Bateman naye hakukaa. Dola ya Sovieti ilipovunjika, ramani za milima ya dunia zilizokuwa siri za kijeshi ziliuzwa, akazitia katika chombo chake hata kikaweza kujua kilicho mbele. Kelele za bure zilipungua sana, na imani ikarudi.

Hata hivyo uwongo ulipata mlango mwingine. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia aina ya 737 MAX ilitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Punde tu kipimo kimoja cha pembe ya hewa kiliharibika, na usukani wa rubani mkuu ukatetemeka kwa onyo lisilo kweli karibu mpaka mwisho. Wakati huo mtambo uliokiamini kipimo hicho kimoja, ilhali ndege ilikuwa na viwili, ulisukuma pua chini mara kwa mara. Walikufa 157, na Wakenya 32 miongoni mwao. Ndege ya aina hiyo hiyo ilikuwa imeanguka karibu na Jakarta tarehe 29 Oktoba 2018 na watu 189.

Ndege hizo ziliporuhusiwa tena, Kanada na Ulaya zilikubali kwamba rubani, akiwa na yakini kuwa onyo ni la uwongo, akate umeme wa kitetemeshi cha usukani. Marekani haikukubali wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 2022 bunge la Marekani liliagiza kwamba ndege hizo zitiwe njia ya kulinyamazisha onyo hilo.